Kadi za Tai

Chanji, Sumbawanga
4 Juni 1996

Lwitiko wangu, mume wangu,

Neno hilo la pili nimeliandika kwanza kwenye karatasi nyingine, nione tu linavyokaa. Linakaa vizuri sana!

Hujambo mpenzi? Mimi ni mzima ila baridi. Upepo wa Juni unaingia chini ya mlango bila kubisha hodi, na kitanda chetu kipya ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Nalala upande wako ili wangu usizoee uvivu. Mama ameniletea ulezi kutoka Msanzi, nikapika ugali wa watu wawili kwa mazoea ambayo hata sijayapata bado, nikacheka peke yangu jikoni. Jirani yetu Coleta akapiga kelele ukutani, "We bibi harusi, unacheka na nani humo?" Nikamwambia nacheka na mume wangu. Akasema, "Mume gani huyo anayeoa Aprili na kufikia Juni analala na magunia ya maharage Tunduma!"

Basi nimekuja na ombi, na usikunje uso. Zile kadi za mabasi. Unakumbuka wiki ya harusi ulivyonieleza: Mzee Clemens mwenye mabasi ya Tai wa Ufipa, kwa kuwa siku hizi kila mwenye fedha ananunua basi na abiria wanagombewa stendi, amebuni kadi. Kila safari unagongewa muhuri wa tai. Kadi ikijaa, unakwenda na kurudi Tunduma bure na kulala usiku mmoja kwenye gesti yake. Ukivumilia mpaka zijae tatu, anakukatia viti viwili vya ndege, Mbeya hadi Dar es Salaam. Mbili zilizojaa ulizifunga kwa mikono yako ndani ya doti yangu ya harusi, ile ya bluu yenye maua ya njano, ukaziweka chini kabisa ya sanduku langu. Ukasema, "Usiziguse, Evodia. Ya tatu ikijaa tunapaa."

Mpenzi, mimi sihitaji kupaa. Nataka usiku mmoja Tunduma na wewe. Kadi moja tu! Mihuri inakaa sandukuni haizai, na sisi tunazeeka.

Wako anayezeeka kwa miaka ishirini na mbili,
Evodia

*

Tunduma
8 Juni 1996

Kipenzi Evodia,

Barua yako imenipata nikiwa juu ya gunia, nikaisoma mbele ya wapagazi, wakanicheka mpaka bei ya maharage nikaisahau.

Hapana, mke wangu. Tuziweke. Ukitumia moja leo, tutakuwa na usiku mmoja wa gesti hii ninayokaa, yenye kuta za mbao zisizofika juu, tukisikiliza mtu wa chumba cha pili akikohoa. Ukivumilia, nitakuonyesha mawingu kwa juu. Niliahidi hivyo mbele ya mashangazi zako wote. Kadi ya tatu ninayo hapa mfuko wa shati, imebakiza nafasi chache. Watu stendi wananitania: "Lwitiko, umeoa Sumbawanga halafu unatafuta tiketi ya ndege? Mwambie mkeo akuazime ungo wa kurukia wa wachawi wa kwao!" Nawaambia wa kwangu ataruka na ndege ya injini mbili, amevaa viatu vya kisigino.

Tena kuna jambo jingine. Baba amefika kutoka Rungwe kunisaidia kusimamia stoo, naye ndiye huyo anayekohoa chumba cha pili. Nilikueleza desturi yetu Wanyakyusa: mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Usimtazame, asikusikie sauti, jina lake usilitaje. Ungekuja ingekubidi kujifunika kanga usoni tangu stendi, na ukikaa gesti ukae kimya kama mtungi. Wewe Mfipa msemaji, ungeweza? Ungeweza ningejivuna mno.

Vumilia. Naandika huku nakuona.

Mumeo,
Lwitiko

*

Chanji
14 Juni 1996

Lwitiko wangu,

Ningeweza! Nimejaribu! Jana nimejifunika upande mmoja wa ile doti kichwani hadi kidevuni, nikatembea uani mzima bila kusema hata "aa". Coleta alikuwa anachambua maharage, akaanza kunichokoza: "Evodia, nyoka! Evodia, chungu kinaungua!" Kimya. "Evodia, mumeo kaja!" Hapo nikageuka, jamani, nikajikwaa kwenye beseni. Lakini sikusema neno, Lwitiko. Ningekuwa mkwe wa kusifiwa Rungwe nzima.

Nilisimama muda mrefu nimejifunika, na ajabu, nilipenda. Ndani ya kanga dunia inakuwa ya bluu, na mtu anajiona yuko mbali, kana kwamba yeye yuko huko na huku amebaki mwingine. Nikawaza ndiko huko, Tunduma, ninapaona.

Haya, umeshinda, tuziweke. Nimerudisha kanga sandukuni na kadi zako ndani yake. Nitafumba macho nikuwazie mawingu.

Mkeo kimya kama mtungi,
Evodia

*

Tunduma
19 Juni 1996

Mke wangu mjanja,

Kumbe "haya, umeshinda" ilikuwa ya kunilaza! Bado nacheka. Nimetoka stoo jioni, Rhoda wa mapokezi ananiambia, "Mgeni wako yuko ndani, amekuja na kadi ya tai." Nafungua mlango, nakuona kitini, na kanga ya bluu hadi kidevuni.

Natumaini sikukuudhi kwa ile kadi, najua nilinung'unika kidogo, nisamehe. Jinsi ulivyoishika desturi! Baba alikohoa mara moja tu ng'ambo ya ubao, wewe ukainamisha kichwa. Nilikunong'oneza niliyokuwa nayo yote, hukujibu hata moja. Nikataka kukufunua uso, ukanikamata mkono, nikaona aibu kwamba mke wangu Mfipa anaijua heshima ya kwetu kuliko mimi. Ila mikono yako, Evodia! Baridi ya Ufipa umekuja nayo ndani ya basi. Nilikupa kitanda ukakataa, ukakaa kitini. Nilipoamka basi la alfajiri lilikuwa limekuchukua.

Baba amesema, "Huyo umempata." Hajawahi kunisifia hivyo.

Lakini sasa zimebaki mbili tukihesabu yangu, na itabidi tuanze moja upya. Usinifanyie tena hivyo. (Ukinifanyia, nitafurahi.)

Wako,
Lwitiko

*

Chanji
23 Juni 1996

Lwitiko mpenzi,

Umenipata! Nimesoma barua yako kwa sauti, nikapiga makofi. Kwa hiyo ninakuja kwako ndotoni nikiwa nimejifunika, na hata ndotoni unaionea uchungu kadi! Ungeandika hadithi, ungeuza kuliko maharage.

Nilikuwa nimekwisha kuandika hapo juu, nikaenda kisimani. Narudi, Coleta ananiambia, "Pole na safari." Nikamuuliza safari gani. Akasema, "Si ulishuka basi la Tunduma Jumatano, umejifunika? Nilikusalimu ukanipita kama hunijui. Nikasema haya, Unyakyusa umemwingia." Jumatano, Lwitiko, nilishinda kwa mama Msanzi nikipeta ulezi.

Basi nimefungua sanduku. Doti ipo, lakini imekunjwa mara tatu. Mimi nakunja mara mbili, mama alinifundisha hivyo. Upande mmoja wa doti unanuka dizeli. Na kadi imebaki moja.

Niambie ni mzaha. Niambie ulikuja mchana mimi sipo, ukachukua kadi, ukamwingiza Coleta kwenye utani wako. Nitakukasirikia saa moja tu, kisha nitakupenda zaidi. Mimi sijafika Tunduma maishani mwangu.

Kadi iliyobaki nimeifukia ndani ya debe la ulezi, na juu yake nimeweka jiwe la kusagia.

Wako, wako kabisa,
Evodia

*

Tunduma
29 Juni 1996

Evodia,

Sipendi mchezo huu tena.

Umekuja Alhamisi na kadi ya pili. Punje za ulezi zilikuwa zimenasa kwenye kingo zake, Rhoda akazipukuta mbele yangu. Nikakuuliza chumbani, kwa nini unaniandikia kwamba hujafika? Ukatikisa kichwa taratibu. Nikakuonyesha barua yako ya tarehe ishirini na tatu. Uliishika, ukaielekeza kwenye taa kana kwamba hujui kusoma, ukaiweka chini.

Sasa nifikirie nini? Mke wangu amekaa kitini mbele yangu, amefunika uso kwa heshima ya baba yangu. Huko Chanji kuna mtu anaandika kwa mwandiko wake kwamba aliyekaa kitini si yeye. Mmoja wenu ananidanganya, na mimi ninayemwona ni huyu. Karatasi yeyote anaweza kuandika.

Alipotaka kuondoka alinyoosha kidole kwenye mfuko wa shati langu, penye kadi ya tatu. Nimekataa. Tangu hapo nasikia baridi, hata juani. Chakula hakipiti kooni.

Kama wewe ni Evodia, acha kuandika, uje ukae. Kama si Evodia, acha kuandika.

Lwitiko

*

Chanji
3 Julai 1996

Mume wangu,

Ni mimi. Nimeandika na kufuta mara nyingi kwa sababu kila ninachoandika unaweza kusema yeyote angeandika.

Siku ya harusi pete ilikataa kuingia, ukailamba mbele ya padri, nikacheka hadi shela ikaanguka. Huyo anacheka? Mwambie acheke. Mimi siwezi kukaa usiku mzima karibu nawe bila kucheka, na unalijua hilo. Mfunue uso, Lwitiko. Dakika moja. Baba yako atasamehe.

Nilisogeza jiwe nikaingiza mkono kwenye debe. Ulezi haukuwa umeguswa, juu ulikuwa laini kama nilivyousawazisha. Kadi haimo. Na kwenye sanduku sasa kuna upande mmoja tu wa doti.

Kadi ya tatu usimpe. Sitaki ndege tena. Laiti tungezitumia zote siku ile ya kwanza.

Evodia wako

*

Chanji
9 Julai 1996

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mke wa mtoto wako. Najua haifai nikuandikie. Lwitiko alinifundisha nisikutazame, usinisikie sauti, nisitaje jina lako. Karatasi hakuitaja, basi naomba nijifiche nyuma yake.

Hanijibu tena. Konda Masunga wa Tai wa Ufipa anasema amekonda na anakaa ndani na mkewe. Baba, mkewe ni mimi, na niko Chanji. Coleta ni shahidi, mama yangu ni shahidi, padri amenipa komunyo Jumapili zote.

Lwitiko hamfunui uso kwa sababu yako. Anakuheshimu, na huyo aliye chumbani anakaa ndani ya heshima hiyo kama mtu ndani ya nyumba. Kwa hiyo ni wewe peke yako unayeweza. Naomba uingie. Naomba umtazame. Kama ni mimi, nitabeba aibu yote, nitakuja Rungwe kwa magoti kuomba radhi. Lakini si mimi.

Mkweo mwenye heshima,
Evodia

*

Tunduma
13 Julai 1996

Binti yangu Evodia,

Marahaba. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika miaka mingi, na nimezoea kuandika nilichokiona bila kuongeza. Nitafanya hivyo.

Nimepokea barua yako Alhamisi. Ijumaa asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, mwanangu alikuwa amelala anatetemeka. Kupitia ufa wa ubao niliona buluu ya kanga kitini. Nilibisha mlango. Nikaita jina lako kwa sauti, kitu ambacho sikutegemea kufanya maishani. Nikaingia, nikatazama.

Kanga ilikuwa imekaa kitini. Ilikuwa na umbo la kichwa, na mabega, na magoti. Mke wa mtoto anapoona baba mkwe ameingia hukimbia au hugeukia ukutani, hata mtoto mdogo wa kwetu anajua. Hiyo haikugeuka. Ilinielekea. Nikainua pindo kwa fimbo yangu, na ndani hapakuwa na mtu. Kisha ikaanguka sakafuni.

Nimeichoma nyuma ya gesti. Haikushika moto mpaka nilipoimwagia mafuta ya taa.

Nimemwomba Rhoda afungue droo ya kadi. Mbili alizopewa na huyo mgeni zimo, lakini ni karatasi nyeupe. Hakuna tai hata mmoja. Rhoda analia anasema alizikagua kwa macho yake, zilikuwa zimejaa. Mzee Clemens anadhani binti ameiba, nami nimemtetea.

Lwitiko nimempeleka hospitali. Daktari anasema malaria, atapona. Akipata nguvu nitampandisha basi mwenyewe aje kwako. Anakutaja wewe tu, na pete.

Upande wa doti uliobaki kwako, uchome leo. Usingoje.

Umefanya vyema kuniandikia. Ndaga, asante, mwanangu.

Jafeti, baba wa Lwitiko

*

Chanji
18 Julai 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo, na asante, asante, asante! Amefika! Naandika mbio kwa furaha, usome tu hivyo hivyo.

Nilikuwa naanika maharage, nikamsikia Masunga anaita barabarani, "Mama, mzigo wako huu hapa!" Ndiye Lwitiko, amejifunika blanketi la hospitali kichwani kwa ajili ya upepo wetu, anatembea polepole kama mzee. Sikungoja afike, nilikimbia viatu mkononi. Coleta alipiga vigelegele hadi kuku wakaruka.

Amekonda, Baba, blanketi linamzidi. Hasemi bado. Nimemwambia asijilazimishe, malaria ikipanda kichwani inakausha maneno, nitasema mimi kwa niaba ya wote wawili, kazi hiyo naiweza! Nimemsimulia yote, amekaa kitini ananisikiliza. Kitanda hataki. Chai hajagusa, lakini nimeiweka karibu, mvuke umpate. Mikono yake ni baridi sana, nimeipulizia na kuisugua na bado.

Unajua Masunga kaniambia nini? Hakulipa nauli! Ametoa kadi ya tatu, imejaa tai hadi pembeni hakuna pa kugonga muhuri mwingine. Kwa hiyo hatimaye ameitumia, tena kwa kuja kwangu. Nimelia niliposikia. Ndege iende zake.

Baba, nikuungamie kitu. Ule upande wa doti sikuuchoma. Nilishika kiberiti mara mbili, nikakumbuka siku ya harusi, nikashindwa. Leo umefaa: blanketi halimtoshi kichwani, anavuta pindo, basi nimemwongezea kanga yangu juu yake, nikamfunga vizuri hadi kidevuni. Ametulia mara moja. Amependeza, Baba, ungemwona! Jioni akipata joto nitamfunua uso nimchekeshe.

Mkweo mwenye furaha kuliko wote Sumbawanga,
Evodia

*

Hospitali, wodi ya wanaume
18 Julai 1996

Evodia, mke wangu,

Mwandiko ni mbaya, naandika nimelalia tumbo, Baba ameshika karatasi. Homa imeshuka jana. Leo nimekunywa uji wote nikaomba mwingine.

Baba amenieleza. Sijui nikuombe radhi kwa maneno gani, kwa hiyo nitaomba nikifika, nitailamba tena ile pete mbele ya Coleta na yeyote atakayetaka kuona. Hakuwa anacheka, Evodia. Uliniuliza kama anacheka, na nilijua jibu siku hiyo hiyo, nikaogopa kulijua.

Daktari ananiachia Jumamosi. Nitapanda basi la Jumapili pamoja na Baba, naye atashukia kona ya Izia ili asikuone, umzoee, habadiliki. Kadi ya tatu ninayo hapa chini ya mto. Nimeitazama asubuhi hii: ni nyeupe kabisa, hata tai mmoja hayumo. Sijampa mtu. Nauli nitalipa taslimu kama watu wote, na ndege tutaitazama tukiwa chini.

Barua hii nampa dereva wa lori la maharage anayeondoka sasa hivi, sitaki ipite kwenye yale mabasi. Akifanya haraka utaipata kesho.

Nitakuja mchana, kichwa wazi, na nitaanza kukuita jina kwa sauti tangu dukani kwa Leonsi. Utanisikia kabla hujaniona. Mtu yeyote akitangulia kabla ya Jumapili, awe na sura gani, usimfungulie mlango. Na usimfunike.

Mumeo,
Lwitiko